Mahindi kila mwaka, njaa kila Machi: kisa cha shamba moja la malisho Njoro

Mama mwenye shamba hili anafuga ng'ombe wa gredi huko Njoro, kaunti ya Nakuru, juu kidogo ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Ana ng'ombe wanane wa kukamua, wawili waliokaushwa wakingoja kuzaa, na mitamba minne. Eneo lake la malisho ni eka 10. Ameniruhusu nikiandike kisa chake mradi nisimtaje jina, na nimeona nikiandike kirefu kwa sababu katika vijiji vinavyotuzunguka sijui boma ambalo halijapitia sehemu yake yoyote.

Aliponiita ilikuwa katikati ya Machi. Shimo la saileji, yaani malisho mabichi yaliyokatwakatwa na kufukiwa bila hewa, lilikuwa karibu kufagiwa hadi sakafuni. Maziwa yalikuwa yameshuka kutoka lita 14 kwa ng'ombe kwa siku hadi 8, na marobota ya nyasi kavu yalikuwa yanashushwa kutoka kwenye pikapu, yamenunuliwa kwa bei ya kiangazi. Swali lake lilikuwa la mbegu.

"Daktari, nitajie mahindi mengine nipande. Haya yamechoka."

Mvua ilikuwa bado wiki mbili tatu. Nilimwomba anipe siku moja ya kutembea shambani na siku moja ya kukaa mezani na kalamu kabla hajanunua mfuko wowote.

Miaka minne kwenye udongo uleule

Kati ya zile eka 10, eka 6 zilikuwa za mahindi ya saileji kila mwaka tangu miaka minne nyuma. Eka 3 zilikuwa nyasi za kikuyu zilizokanyagwa hadi zikawa kama zulia kuukuu, na eka moja ilikuwa nepia. Baada ya kuvuna mahindi, mama alikuwa akipanda oti, nafaka nyingine ya malisho, kila mwaka. Aliniambia hilo kwa fahari, na alikuwa na haki ya kujivunia, maana majirani wengi huacha ardhi tupu toka mahindi yatoke hadi masika irudi. Aliuita mpango huo mzunguko wa mazao.

Mwaka wa kwanza trela zilihesabiwa zikatoa kama tani 14 za mahindi mabichi kwa eka. Mwaka wa nne zilikuwa tani 8. Sehemu ya pengo hilo ni maji tu: mahindi ya mwaka wa nne yalikatwa yakiwa yamekauka zaidi, kwa hiyo trela zilikuwa nyepesi. Lakini hata ukiondoa maji, shamba lilikuwa limepungua, na tulipotembea niliona sababu kwa macho.

Upande wa chini, unaopakana na jirani anayepanda mahindi kwa kumwagilia wakati wa kiangazi, mabua yaliyobaki ardhini yalikuwa membamba kama kidole. Kijana wake aliyesimamia shamba alinieleza yalivyokuwa mahindi yale yakiwa hai: majani yalianza kupata michirizi ya manjano kutoka chini ya moyo wa mmea, kingo zikakauka, kisha moyo wenyewe ukafa wakati majani ya nje bado ni mabichi. Magunzi yaliyotoka yalikuwa na punje za kuhesabika. Walidhani ni ukosefu wa mbolea wakaongeza CAN, mbolea ya naitrojeni.

Hiyo haikuwa njaa ya mbolea. Ni ugonjwa hatari wa mahindi, ule wakulima wanaouita kwa herufi tatu, MLN. Uliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza Septemba 2011 huko Longisa, Bomet, na haukuchukua muda kufika Nakuru. Unatokea pale virusi viwili vinapokutana ndani ya mmea mmoja: kile cha madoa ya manjano ya mahindi, MCMV, na kimojawapo cha jamii ya batobato, ambacho kwetu huwa zaidi ni batobato la miwa. Kimoja hubebwa zaidi na vithiripi, kingine na vidukari. Wadudu hao wanaishi vizuri kabisa pale ambapo kuna mahindi mabichi mwaka mzima, yaani pale jirani anapovuna huku wewe unapanda. Masalia shambani nayo husaidia kuubakisha ugonjwa, na mbegu iliyotoka shamba lenye ugonjwa inaweza kuubeba, ingawa kwa kiwango kidogo.

Hapa ndipo nilipolazimika kumwambia jambo ambalo hakulitaka. Oti baada ya mahindi ni zao jema kwa ng'ombe, lakini kwa udongo ni nafaka imepokelewa na nafaka. Zote mbili ni nyasi. Zinachimba kina kimoja, zinadai naitrojeni ileile, na hakuna moja inayoirudisha. Virusi vya MLN pia vimezoea kujificha katika jamii ya nyasi; mtama, ulezi na miwa vimekutwa navyo. Mkulima anayetaka kuuvunja ugonjwa huu anashauriwa apumzishe shamba kwa misimu isiyopungua miwili akipanda mazao yasiyo nafaka, kama maharagwe au viazi. Eka 6 za mama huyu hazikuwa zimeona jani la mkunde kwa miaka minne.

Kitu cha pili tulichokiona mezani, si shambani, ni potashi, kirutubisho ambacho mmea huchota ardhini. Ukivuna mahindi ya punje, mabua hubaki na potashi nyingi hurudi ardhini nayo. Ukivuna saileji unabeba mmea mzima. Kila tani ya mahindi mabichi inayoingia shimoni huondoka shambani na kilo 4 hivi za potashi, na nafaka inayokatwa nzima huondoka na zaidi ya hapo kwa tani. Tani 14 kwa eka ni zaidi ya kilo 50. Mbolea za DAP na CAN alizokuwa akinunua hazina potashi hata chembe. Ilikuwepo kwenye samadi, tena kwa wingi, lakini samadi yote ilikuwa ikimwagwa kwenye eka mbili zilizo karibu na boma kwa sababu mkokoteni ulikuwa na gurudumu bovu. Nilipoziangalia zile eka mbili upya, kweli ndizo zilizokuwa zimebaki na mabua manene.

Kuanza na mdomo wa ng'ombe

Wakulima wengi hupanga malisho kwa kuanza na ardhi: nina eka sita, nitapanda mahindi eka sita, ng'ombe watakula kitakachotoka. Sisi tulianza upande wa pili. Ng'ombe wa kilo 450 anayekamuliwa hula mada kavu, yaani chakula kikiondolewa maji yote, kama asilimia 3 ya uzito wake, karibu kilo 13.5 kwa siku. Saileji nzuri ya mahindi ina mada kavu ya asilimia 30 hivi. Tuliamua saileji ibebe kilo 6 za mada kavu, yaani kilo 20 za saileji yenyewe, na zilizobaki zitoke kwa majani mabichi, mabaki ya mikunde, nyasi kavu na unga wa dukani.

Nane mara 20 ni kilo 160. Wawili waliokaushwa kilo 12 kila mmoja, 24. Mitamba minne kilo 8 kila mmoja, 32. Jumla kilo 216 kwa siku.

Nilimwuliza kijana alikuwa akiwapa kiasi gani mwaka uliopita. Akaleta karai. Tukalijaza saileji kidogo iliyosalia tukalipima kwa mizani ya viazi, na ikatokea kwamba ng'ombe wa kukamua walikuwa wakipata kama kilo 30 kila mmoja. Kwa kipimo hicho boma zima lilikuwa likila karibu kilo 296 kwa siku. Eka 6 zilikuwa zimetoa tani 48, theluthi moja ikaoza na kutupwa, zikabaki tani 32. Gawanya: siku 108. Shimo lilifunguliwa tarehe 1 Desemba. Hesabu ikaangukia katikati ya Machi, siku zilezile nilizopigiwa simu.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hivyo njaa hii niliipanga mwenyewe mwezi wa kumi na mbili." Nilimjibu hapana, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kupima, na karai halina alama.

Kwa mwaka mpya tulihesabu hivi. Siku 240 za mwaka ng'ombe watakula kipimo kamili cha kilo 216. Siku 125 zilizobaki, wakati wa mvua ambapo nepia na majani ya mipakani yapo, watakula nusu. Hiyo ni tani 65 na ushei za kuliwa. Ukiweka hasara ya asilimia 15, ambayo ni ya kawaida hata kwa mtu mwangalifu, zinatakiwa tani 77 ziingie shimoni. Namba hiyo, 77, ndiyo tuliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya ukurasa.

Siku ya kukata mahindi

Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu katika shamba hili, ningebadilisha tarehe. Mama alikuwa akikata mahindi ya saileji mwishoni mwa Oktoba. Kwake yeye, kama alivyofundishwa na wazazi wake, hindi lililoiva ni hindi lililokauka. Kwa punje ni sawa kabisa. Mbegu za nyanda za juu, zile za mfululizo wa H6, huchukua miezi sita hadi minane shambani kabla ya kuvunwa kavu. Kwa saileji ni kuchelewa kwa zaidi ya mwezi.

Na kuchelewa huko kulizaa mambo matatu. Kwanza, mahindi makavu hayashindiliki. Trekta lilipita juu yake, lakini mabua yalikuwa yakifura tena kama godoro, hewa ikabaki ndani, ukungu ukaingia. Ile theluthi iliyotupwa ilitoka hapo. Pili, ng'ombe walikosa saileji Septemba hadi Novemba wakati nepia inaanza kukomaa na kuwa ngumu. Tatu, na hili ndilo lililoniuma zaidi, oti ilipandwa Novemba, mvua ya vuli ikiwa inaaga. Januari ilipofika ilikuwa imesimama magotini, imechomoza masuke mapema kwa kiu, ikakatwa kwa panga na kuliwa kwa wiki mbili. Kwa hiyo zao la pili alilojivunia lilikuwa likila mbegu, dizeli na vibarua bila kuingiza hata trela moja shimoni.

Nilimfundisha kijana kuangalia punje. Unavunja gunzi katikati, unaangalia upande wa punje usio na kiini. Utaona mstari: juu yake punje ni ngumu, chini yake bado ni maziwa. Mstari huo huteremka siku baada ya siku kuelekea kwenye gunzi. Ukifika nusu, anza kutafuta trekta na mashine ya kukata. Ukifika theluthi mbili, uwe unakata. Halafu kuna kipimo cha ngumi. Chukua mahindi yaliyokatwakatwa, jaza kiganja, bana kwa nguvu kwa dakika moja, fungua. Maji yakichuruzika kati ya vidole, bado. Donge likitawanyika papo hapo kama pumba, umechelewa. Likikaa kidogo likiwa limeshikana, kisha likaachia taratibu na kiganja kikabaki na unyevu tu, hiyo ndiyo saa yake.

Kwa mahindi yaliyopandwa siku za mwanzo za Aprili Njoro, saa hiyo huja mwishoni mwa Agosti au wiki ya kwanza ya Septemba. Tulihesabu kwa kalenda tukaona kwamba hatuhitaji kubadilisha mbegu. Ileile aliyodhani imechoka ingetosha, ikikatwa kwa wakati.

Vitalu vitatu

Tulizivunja zile nyasi za kikuyu zilizochoka tukapata eka 9 za mzunguko, vitalu vitatu vya eka 3. Eka iliyobaki tuliigawa: nusu nepia, nusu lukerini, mkunde wa malisho, karibu na boma, ambayo haingii katika mzunguko kwa sababu ikishika vizuri hukaa miaka mitatu au minne. Lukerini ilikuwa ya lazima. Saileji ya mahindi ina wanga mwingi, lakini protini yake ni karibu asilimia 8 tu, nusu ya anachohitaji ng'ombe wa maziwa. Nusu eka hiyo ingetoa kama kilo 3 za majani mabichi kwa kila ng'ombe wa kukamua kwa siku. Si nyingi, ila kila kilo inayotoka shambani inapunguza kilo ya unga wa dukani.

Kitalu cha kwanza: mahindi wakati wa masika, yakatwe mwanzoni mwa Septemba, kisha oti iliyochanganywa na vetchi ipandwe ndani ya siku kumi. Tulitumia kilo 30 za oti na kilo 10 za vetchi kwa eka. Vetchi ni mkunde unaotambaa, unapenda baridi, na hapa juu unastawi kuliko njahi. Hupanda juu ya mashina ya oti kama mzabibu na kuongeza protini kwenye lishe. Kwa udongo, ni wa kwanza kurudisha kitu baada ya mahindi.

Kitalu cha pili: maharagwe wakati wa masika, kisha tritikale kuanzia katikati ya Agosti. Tritikale ni mzao wa ngano na nafaka iitwayo rai, na nilikuwa na sababu ya kuichagua badala ya ngano. Njoro ni nyumbani kwa kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngano. Aina ile ya kutu inayoitwa Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ndiyo iliyofanya kituo cha utafiti cha Njoro kuwa mahali ambapo ngano kutoka nchi nyingi huletwa kupimwa kama itahimili. Kupanda eka 3 za ngano ya lishe hapa bila dawa ya ukungu ni kujitakia taabu. Tritikale huvumilia kutu kuliko ngano nyingi, huvumilia udongo wenye asidi, na ikipata mvua ya Agosti huweza kuhimili mapengo ya Septemba. Taabu yake ni mbegu. Haipatikani kila duka, kwa hiyo mama aliitafuta tangu Aprili, na alifanya vyema, kwa sababu majirani walioitafuta Agosti walikosa.

Kitalu cha tatu: viazi wakati wa masika, kisha vetchi pekee wakati wa vuli. Hapa mama alipinga. Kupoteza eka 3 za masika kwa viazi, na nyingine 3 kwa maharagwe, wakati ng'ombe wana njaa? Lilikuwa pingamizi la haki, na hesabu ndiyo iliyomjibu. Mahindi eka 3 kwa tani 15 ni 45. Oti na vetchi eka 3 kwa tani 6 ni 18. Tritikale eka 3 kwa tani 7 ni 21. Jumla 84. Tulihitaji 77. Eka 3 za mahindi yenye afya, zikisaidiwa na nafaka mbili zilizopandwa kwa wakati, zilizidi eka 6 za mahindi yanayougua. Maharagwe na viazi vingeleta fedha za mbolea na dizeli, na maganda ya maharagwe ni chakula kizuri cha mitamba.

Mwaka unaofuata kila kitalu kinasogea hatua moja. Kilichokuwa cha mahindi kinakwenda maharagwe, cha maharagwe kinakwenda viazi, cha viazi kinakwenda mahindi. Kwa hiyo mahindi hurudi mahali palepale baada ya miaka mitatu, na msimu unaoyatangulia huwa wa vetchi, si nyasi. Viazi navyo hurudi baada ya miaka mitatu, jambo ambalo mnyauko wa bakteria unalidai hata hivyo. Sharti nililoweka ni moja: viazi vinavyojiotea vyenyewe baada ya mavuno ving'olewe vyote, kwa mkono, maana kiazi kimoja kinachojificha humo hulea ugonjwa hadi zamu yake irudi.

Samadi sasa inafuata mahindi. Gurudumu lilitengenezwa. Kitalu kinachoingia mahindi ndicho kinachopata samadi yote ya kiangazi, na oti inayofuata inakula makombo. Hilo ni la makusudi, kwa sababu oti iliyoshiba naitrojeni hulala chini upepo ukija, na oti iliyolala huingia shimoni na udongo.

Jambo la mwisho lilikuwa shimo lenyewe. Lile la zamani lilikuwa na upana wa mita 4 na kimo cha mita 2. Ukitoa kilo 216 kwa siku kwenye uso mpana hivyo, unasogea sentimita 5 tu, na hewa inaingia ndani kuliko unavyosogea wewe. Ndiyo maana ilikuwa ikipata moto na kunuka hata pale iliposhindiliwa vizuri. Tulichimba mawili ya upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.3, urefu wa mita 16 kila moja. Sasa kila siku uso unarudi nyuma sentimita 15. Oti na tritikale tuliziweka katika shimo la zamani baada ya kuligawa kwa ukuta wa magunia ya mchanga, tukalishindilia kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa mashina ya nafaka hizi ni matupu ndani kama mrija na kila kipande hubeba hewa yake. Kijana aliiweka mashine ikate vipande vifupi kuliko vya mahindi.

Mwaka wa kwanza ulivyokwenda

Mahindi yalipandwa wiki ya kwanza ya Aprili kwenye kitalu kilichokuwa nyasi za kikuyu, mbali kabisa na mpaka wa jirani. Hatukuwa na mwaka wa vetchi nyuma yake, ila tulikuwa na udongo ambao haukuwa umeona mahindi kwa miaka mingi. Viwavijeshi vamizi walikuja Mei. Kijana aliwakagua asubuhi kila siku ya pili, akitazama moyoni mwa mmea kutafuta vinyesi vinavyofanana na unga wa mbao, na alipulizia dawa mara mbili. Miche minane hivi ilionyesha manjano ya kutilia shaka. Aling'oa yote akaifukia.

Yalikatwa tarehe 4 Septemba, mstari wa maziwa ukiwa umepita nusu. Trela zilitoa tani 42, pungufu kidogo ya tulizotarajia. Oti na vetchi zilipandwa tarehe 13. Oktoba ilikuwa na pengo la mvua la wiki mbili na zao likasimama, kwa hiyo tulipata tani 15 badala ya 18. Tritikale ilitoa 21 kamili. Tuliikata katikati ya Desemba punje zikiwa laini kama jibini, ukizibonyeza zinabaki na alama ya ukucha. Nilimzuia mama asingoje zigeuke rangi ya dhahabu. Shina lililokauka ni tupu kwa ng'ombe, na punje ngumu ya tritikale hupita tumboni na kutoka nzima kwenye kinyesi.

Jumla ilikuwa tani 78. Tulihitaji 77. Ilikuwa karibu mno, na nilimwambia hivyo. Mvua ya vuli ingekosekana kabisa tungepungukiwa, na ndiyo maana mwaka huu eka moja ya kitalu cha viazi itapandwa mtama wa lishe, E6518, unaovumilia ukame na ukikatwa huchipua tena. Najua mtama ni nyasi na nimekwisha kusema maneno makali kuhusu nyasi kufuata nyasi. Eka hiyo tumeitia alama: haitaingia mahindi masika ijayo. Itapata maharagwe kwanza.

Maharagwe yalitoa magunia 15 na mvua ya Julai iliharibu sehemu yalipokuwa yakikaushwa uwanjani. Safari hii ameazima turubai mbili mapema. Viazi viliuzwa vibichi kutoka shambani, na fedha hizo zililipa lukerini, karatasi ya plastiki ya mashimo na mbegu yote ya tritikale.

Machi ilipofika nilikwenda bila kuitwa. Shimo la kwanza la mahindi lilikuwa limekwisha, la pili lilikuwa limefika kati. Saileji ilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, harufu yake kama ya maembe yaliyoiva sana, na hapakuwa na ukungu isipokuwa mkanda mwembamba pembeni ambapo plastiki ilitobolewa na mbwa. Ng'ombe walikuwa wakitoa lita 13. Kijana alikuwa amefunga kamba yenye mafundo kwenye nguzo ya shimo, fundo moja kwa kila wiki, ili ajue kwa macho kama wanakula mbele ya kalenda au nyuma yake.

Siku hiyo walikuwa nyuma ya kalenda kwa siku nne. Mama alitaka kujua kama hiyo inamruhusu kununua ng'ombe wa tisa. Tulirudi mezani. Ng'ombe mmoja wa kukamua kwa kipimo chetu hula tani 6 na kidogo kwa mwaka, nusu kipimo cha miezi ya mvua kikiwa kimehesabiwa, na ukiweka hasara ni tani 7 hivi za kuingia shimoni. Akiba yetu ilikuwa tani moja na siku nne. Aliandika namba hizo kwenye ukurasa uleule, chini ya ile 77, akafunga daftari, akatoka kwenda kumwonyesha dereva wa trekta mahali pa kuanzia kulima kitalu cha tatu.